Kompyuta ilisafishwa, funguo zikabaki kwa mwizi

Kompyuta yetu ya nyumbani haikuwa nzito. Haikuwa ikijizima, haikuwa ikifungua matangazo ya kamari, wala ukurasa wa kwanza wa Chrome haukuwa umebadilika. Naanza na hili kwa sababu kila ninayemsimulia yaliyotupata huuliza kwanza, "Kwani haikuonyesha dalili?" Ilikuwa inawaka haraka kuliko simu yangu.

Mimi nashona sare za shule hapa Morogoro na kukodisha majoho ya mahafali. Januari, shule zinapofunguliwa, ndiyo mavuno yangu. Kompyuta ile niliitumia kuandaa profoma, zile karatasi za bei anazotumiwa mteja kabla hajalipa, na kuzituma kwa barua pepe, mume wangu aliwekea hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, na kijana wetu wa kidato cha pili alichezea michezo yake. Mashine moja, jina moja la kuingilia, familia nzima.

Habari ililetwa na mhasibu wa shule moja, binti mdogo tu, alipopiga simu asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, za kazi?"

"Nzuri. Mama, nimeona umetuma profoma nyingine. Mmehamia benki nyingine? Maana hata jina la akaunti silo lako."

Sikuwa nimetuma profoma nyingine. Nikamwomba aipige picha anirushie WhatsApp. Nembo ni yangu, mhuri wangu, saini yangu, hata neno sweta nililozoea kuliandika "sweata" lipo vilevile. Kilichobadilika ni mistari miwili ya chini, jina na namba ya akaunti. Na ilikuwa imetoka kwenye anwani yangu yenyewe, herufi kwa herufi. Binti yule aliniokoa kwa kupiga simu. Shule ya pili haikupiga. Nilipowauliza, walikuwa wameshalipa shilingi 1,850,000 na wanasubiri sketi zao.

Siku ile sikula. Niliingia kwenye barua pepe, nikaangalia zilizotumwa, sikuona kitu. Nikaanza kumshuku msichana anayenisaidia dukani, dhambi ambayo nimeshamwomba msamaha, ila bado inaniuma kuliko hela.

Mume wangu akamwita fundi mmoja wa kompyuta. Fundi akafungua Task Manager, akatikisa kichwa, akasema virusi ni vingi. Akashauri nibadilishe neno la siri la barua pepe palepale, halafu yeye apige Windows upya. Nikabadilisha, tena refu, lenye namba na alama. Akachomeka flashi yake, akapiga Windows, akaweka na Office, akachukua 40,000 yake akaondoka. Kompyuta ikang'aa. Wiki haijaisha, mteja mwingine akapokea profoma yenye akaunti ileile ngeni.

Mtoto wa kaka yangu anasoma TEHAMA chuoni Mzumbe. Alipokuja mwisho wa wiki nilimtengea kiti mbele ya kompyuta. Hakukaa. Akasema, "Shangazi, nipe kwanza simu yako." Akafungua akaunti yangu ya Google, sehemu ya usalama, penye orodha ya vifaa vilivyoingia. Simu yangu ilikuwepo. Kompyuta ya nyumbani ilikuwepo. Na ilikuwepo kompyuta nyingine ya Windows, katika nchi ambayo hakuna yeyote wa ukoo wetu aliyewahi kukanyaga, imeingia na inaendelea kutumika.

Halafu akatoa laptopu yake mwenyewe, maana programu ya Gmail ya kwenye simu haionyeshi kila kitu, akafungua mipangilio, sehemu ya vichujio. Mimi sikujua kama kuna kitu kinaitwa vichujio. Kulikuwa na kimoja, na kilisomeka hivi: barua yoyote yenye neno "profoma" au "malipo", au iliyotoka kwa shule fulani na fulani, isiingie kwenye kikasha, iwekewe alama ya kuwa imesomwa, itupwe kwenye pipa la taka. Ndiyo maana nilikuwa sioni kitu. Mteja akijibu, "Tumepokea, tutalipa kesho," jibu linakwenda takani kabla simu yangu haijalia. Mwizi analisoma huko, anajibu kwa jina langu, anafuta. Chini yake, kwenye sehemu ya kusambaza barua, kila iliyoingia ilikuwa ikinakiliwa kwenda anwani nyingine. Na barua pepe yangu ya akiba, ile ya kurejeshea akaunti ukisahau neno la siri, ilikuwa na jina langu lakini imeongezwa tarakimu moja mwishoni. Ukiitazama kwa haraka unapita.

Kwa hiyo neno la siri jipya halikumsumbua. Kwanza nililiandika kwenye mashine ambayo bado ilikuwa na jasusi ndani. Pili, hata angelikosa, alikuwa na anwani yake ya akiba ya kujirejeshea.

Nilimuuliza kilichokuwa kikinisumbua: mimi nina ulinzi wa namba ya SMS, hiyo namba aliipata wapi? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote. Ukishaingia kwenye akaunti na kuthibitisha kwa SMS, tovuti huiachia kompyuta yako faili dogo, kidakuzi, ili usiulizwe tena kila ukirudi. Kidakuzi hicho ni ufunguo wa mlango. Programu ya kijasusi haihangaiki kuvunja kufuli: inanakili funguo zote zilizoning'inia kwenye kivinjari, yaani Chrome na wenzake, pamoja na maneno ya siri uliyoyahifadhi humo, inazituma kwa mwenyewe kwa dakika chache, na nyingine hujifuta baada ya hapo. Mwizi anauweka ufunguo kwenye kivinjari chake huko aliko, na tovuti inamwona kama wewe uliyekwisha kuthibitisha. Fundi anapokuja kupiga Windows, funguo zilishatoka nje ya nyumba.

Kumbe kuna soko zima la biashara hii. Programu hizi hukodishwa kama fremu ya duka. Moja, Lumma, ilikuwa ikiuzwa kwa malipo ya kila mwezi. Mei 2025 Microsoft walitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo walibaini kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa nayo, na kwa amri ya mahakama wakazima majina ya tovuti yapatayo 2,300 iliyoyategemea. Nyingine, RedLine, ilianza kuonekana 2020, na mitambo yake ilivamiwa na polisi wa Uholanzi wakishirikiana na wenzao wa Marekani na kwingineko Oktoba 2024. Anayevuna maneno ya siri si lazima awe ndiye anayekutapeli. Anavuna, anauza kwa mafungu, na mwingine ananunua akitafuta barua pepe zenye harufu ya malipo.

Baada ya vifaa vyote kuondolewa kwenye akaunti ndipo tulipoigeukia kompyuta. Bahati nzuri fundi alikuwa amehamishia folda ya vilivyopakuliwa kwenye diski D, kwa hiyo ushahidi ulikuwepo. Kulikuwa na faili la zipu lenye jina la mchezo ambao kijana wangu aliutaka na ambao unauzwa kwa hela. Alilipata chini ya video ya YouTube inayofundisha jinsi ya kuupata bure, yenye maoni chungu nzima ya "imekubali, asante kaka". Zipu ilikuwa na neno la siri, 1234. Mtu anaweza kujiuliza faili la bure linafungwa na neno la siri la nini. Sababu ni kwamba antivairasi haiwezi kuchungulia ndani ya zipu iliyofungwa. Kando yake palikuwa na karatasi ya maelezo: hatua ya kwanza, zima antivairasi, hatua ya pili, bofya kwa kitufe cha kulia, fungua kama msimamizi.

Kijana alisema yote bila kubanwa. Alifuata hatua zile, dirisha dogo likatokea likisema kuna faili moja halipo, mchezo haukufunguka, akaenda kucheza mpira. Basi ile ndiyo dalili tuliyokuwa nayo, na haikuonekana na yeyote kwa sababu ilifanana na kitu kilichoharibika. Programu ikifunguliwa halafu isitokee kitu, au ilete kosa na kutoweka, hesabu kuwa imeshafanya ilichotumwa.

Sasa njoo kwenye Windows ya fundi. Mpwa wangu, nimwite hivyo, alifungua Windows Security, akaingia penye ulinzi dhidi ya virusi, akateremka hadi sehemu inayoitwa Exclusions. Ni orodha ya mahali ambapo Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imeambiwa isitazame. Kwa kawaida huwa tupu. Yetu ilikuwa na mistari kadhaa, na mmoja ulikuwa na herufi tatu tu: C:\. Diski nzima. Alama ya kijani inawaka, ujumbe unasema hakuna tatizo, na mlinzi amefungwa kitambaa usoni. Hiyo ni kazi ya kile kiprogramu kinachotumika kuifanya Windows ya wizi ionekane imelipiwa, ambacho mafundi wengi wanacho kwenye flashi zao. Sisemi fundi alikuwa na nia mbaya. Anapewa flashi na mwenzake, naye anampa mwingine, na kila mmoja anaamini ni salama kwa sababu Windows "inakubali".

Kilichonichekesha kwa uchungu ni kwamba hatukuihitaji. Laptopu yetu ni ya mtumba, ile ya maofisini iliyotoka Ulaya, tuliinunua Kariakoo. Mashine nyingi za namna hiyo, za tangu enzi za Windows 8, zina leseni iliyofungwa ndani ya ubao wake kiwandani. Ukiweka toleo lilelile iliyokuja nalo, ikishika intaneti inajithibitisha yenyewe. Tulipakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft kwa laptopu ya mpwa, tukaiweka kwenye flashi tupu, inatakiwa angalau ya GB 8, tukafuta diski yote, C na D, tukaweka upya. Nyaraka na picha nilizihamisha kabla, ila hakuna faili la kuendesha programu wala zipu iliyovuka. Ikathibitishwa bila kulipia chochote. Bando la zaidi ya GB 5 ndilo lililokwenda. Leseni mpya ya Windows 11 Home ingenigharimu dola 139. Office ya fundi sikuirudisha. Natumia LibreOffice, ni ya bure kihalali, na profoma zinatoka vizuri. Mwanzoni jedwali zilikuwa zinahama mistari nikakasirika, nikazoea.

Unayenunua laptopu ya mtumba sasa, ulizia kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Muuzaji atakwambia "hii inakubali Windows 11". Inaweza kulazimishwa ikubali, hilo ni kweli, lakini Microsoft hawakuahidi kuisasisha.

Mpangilio tuliofuata mara ya pili, na ambao ningempa mtu yeyote, ni huu. Kompyuta itolewe kwenye intaneti kwanza, hotspoti izimwe. Shika kifaa kingine unachokiamini. Ondoa vifaa vyote kwenye akaunti ya barua pepe kabla ya jingine lolote, kisha badilisha neno la siri, kisha kagua barua pepe na simu ya akiba, vichujio, usambazaji, na programu ulizozipa ruhusa. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti nyingine zote, maana ndiyo zinakorejeshewa. Zikafuata benki, Facebook ya biashara, na vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp. Kompyuta yenyewe ni ya mwisho.

Dalili za kelele zipo pia, nisije nikaonekana nazidharau. Ukitafuta kitu kwenye Google ukajikuta kwenye tovuti nyingine ya kutafutia, kiendelezi cha kivinjari usichokikumbuka, feni inayovuma wakati hakuna anayefanya kazi, antivairasi iliyozimika yenyewe na ukiiwasha inagoma. Hizo zinafaa kufuatiliwa. Na iko moja ambayo sisi watu wa bando tuna nafasi nzuri ya kuiona kuliko wenye intaneti isiyokatika: bando kuisha. Nyumba nzima tulikuwa tukiwalaani watu wa mtandao kwamba wanatula bando, kama nchi nzima inavyowalaani. Kabla fundi hajapiga Windows upya, tulikuwa tumefungua mipangilio yake, penye matumizi ya data, inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani. VPN ya bure aliyoiweka kijana, programu ya kuficha uliko unapoingia mtandaoni, ilikuwa imekula kuliko Chrome, na haikuwa imefunguliwa na mtu kwa muda mrefu.

VPN za bure ni somo lake. Mei 2024 Marekani walivunja mtandao uitwao 911 S5, uliokuwa umejificha ndani ya VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN. Aliyeziweka alidhani anajificha, kumbe kompyuta yake imegeuzwa njia ya wengine kupitishia utapeli, na ukifuatiliwa unaonekana umetoka sebuleni kwake. Anwani za intaneti zaidi ya milioni 19 zilihusika. Huku kwetu watu hukimbilia VPN mara mtandao fulani unapofungwa, na huichukua yoyote inayotokea juu, bila kuuliza nani anailipia.

Nyumbani tumebadilisha machache. Kila mtu ana jina lake la kuingilia, na la kijana halina mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo programu ikitaka mamlaka hayo inadai neno la siri analolijua baba yake na mimi tu. Hili pekee lingetosha kuifanya hatua ya pili ya ile karatasi igome. Kazi ya profoma ina kivinjari chake kisichoingiwa kwa kazi nyingine, na hakihifadhi maneno ya siri. Tumewasha pia majina kamili ya mafaili, ili kinachojiita profoma.pdf.exe kionekane mkia wake. Windows huuficha usipoiambia.

Na kuna mtego mmoja ambao nimeuona kwa macho yangu baada ya hapo, nikitafuta vipimo vya joho. Ukurasa ulinitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti. Badala ya kunionyesha picha za taa za barabarani, ukaniambia: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kitufe cha Windows na R hufungua kisanduku cha kuamrisha kompyuta, Ctrl na V inabandika amri ambayo ukurasa umeshaiweka kwenye ubao wa kunakili bila wewe kujua, na Enter inaitekeleza. Unajiambukiza kwa vidole vyako mwenyewe, hakuna faili la kupakua. Hakuna ukurasa halali utakaokuomba hivyo. Nilimwita kijana aje auone, nikaufunga.

Kuhusu hela. Nilienda polisi, nikapewa RB, nikaandika maelezo. Kosa liko kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na askari wa dawati la mtandao alilijua vizuri kuliko nilivyotarajia. Alichotaka kwangu ni barua zenyewe zilizopokelewa na shule, zikiwa hazijafutwa wala kusambazwa upya, kwa sababu vichwa vyake, maelezo yaliyojificha juu ya kila barua pepe, ndivyo vina njia zilikopita. Picha ya skrini haitoshi. Kwa hiyo usiwaambie wateja wafute. Benki iliyopokea inatakiwa kupigiwa simu saa hiyohiyo, kabla ya kituo cha polisi, maana fedha hutolewa haraka; yetu ilikuwa imeshatolewa. Kama umetapeliwa kwa ujumbe wa simu, namba ya tapeli inatumwa 15040.

Mkuu wa ile shule iliyolipa alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na haki ya kusema malipo yake yametoka kwa profoma iliyotumwa na anwani yangu, na hakuwa na sababu ya kulipa tena. Tulikubaliana tugawane hasara: wao walinilipa gharama ya kitambaa, mimi nikashona bila ujira. Profoma zangu sasa zina mstari mwekundu juu kabisa, kwamba namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe, na kabla ya kulipa mhasibu apige simu kwenye namba aliyonayo tangu zamani, asipige iliyo kwenye karatasi. Wengine wananipigia hata wakati hakuna kilichobadilika, na napokea kila simu.